Cheti cha Kifo cha Jina

Mnamo Septemba 2008 tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilikabidhi ripoti yake kuhusu uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Wengi waliifungua wakitafuta jibu la swali moja: nani alishinda? Ripoti ilisema haiwezekani kujua. Waliokuwa na subira ya kuendelea kusoma walikutana na jambo lingine, lililoandikwa kwa sauti ya chini kama ya mhasibu: kwa angalau miaka 10, sajili ya wapiga kura yamkini ilikuwa imebeba majina ya watu milioni 1.2 waliokwisha kufa. Sajili nzima ilikuwa na majina kama milioni 14.3. Piga hesabu mwenyewe. Ni kama jina moja kati ya kila kumi na mawili.

Nchi ilikuwa imetoka kuzika. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi ule. Kwa hivyo suala la nani yumo kwenye orodha na nani hayumo halikuwa la makarani peke yao. Orodha isiyoaminika inafanya kila kura nyingi za ngome ya mpinzani zinuke makaburi, na watu wakishaanza kunusa makaburi hawangoji hesabu.

Hapa mtaani tukisikia kwamba wafu wamepiga kura, tunawaza mwizi usiku, karatasi mkononi, anaandika majina aliyoyasoma kwenye misalaba. Labda mwizi huyo yupo. Lakini hao milioni 1.2 hawakuingizwa na mwizi. Kila mmoja wao alienda kujiandikisha kwa miguu yake, akiwa hai, akapanga foleni, akaonyesha kitambulisho, akaandikwa kihalali kabisa. Kilichokosekana ni kuondolewa. Nami naona kisa cha kuondolewa ni kitamu kuliko cha mwizi, ingawa hakijapata kuchezwa sinema.

Tufuate kifo kimoja cha kubuni, kianzie hapa Gataka, pembeni mwa Rongai. Sensa ya 2009 ilikuta watu 687,312 katika Kajiado. Ya 2019 ikakuta 1,117,840. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni sisi tuliokuja na magodoro juu ya pikapu, kutoka Nairobi na kutoka ocha za kila upande. Tuseme mmoja wetu ni fundi wa kuchomelea mageti. Amejiandikisha kupiga kura katika shule ya msingi iliyo karibu na anapoishi. Anaugua, analazwa Nairobi, anafia huko. Kifo chake kinaandikwa mahali kilipotokea, familia inapewa kibali cha mazishi, mwili unasafirishwa usiku kucha hadi Siaya. Angefia kijijini, naibu chifu ndiye angejaza fomu.

Baada ya mazishi, cheti cha kifo kinatafutwa na nani? Na mwenye kitu cha kudai: shamba la kurithi, akaunti ya benki, pesa za NSSF. Fundi wetu ameacha mashine ya kuchomelea na deni dukani. Hakuna wa kupanga foleni kwa ajili ya hayo. Mwenye ploti anajua amekufa, maana chumba kimeshapata mpangaji mwingine. Mama mboga anajua. Apu ya mkopo haijui, bado inamtumia meseji za vitisho. Sajili ya wapiga kura nayo haijui, na haina namna ya kujua, kwa sababu habari zake ziko Nairobi na Siaya ilhali jina lake liko Kajiado.

Miaka 21 kabla ya ripoti ya Kriegler, watafiti wa kampuni ya Xerox huko California walipambana na tatizo hilihili, nao wakalipa suluhisho ambalo karani yeyote wa vizazi na vifo hapa Kenya angelielewa bila kufundishwa.

Xerox ilikuwa na mtandao wake wa kompyuta uliounganisha ofisi nyingi, na ndani ya mtandao huo kulikuwa na kitabu cha majina kilichoitwa Clearinghouse. Ukitaka kujua mtu fulani barua yake ipelekwe wapi, au printa fulani iko wapi, uliuliza Clearinghouse. Seva moja isingeweza kuwajibu watu wote, kwa hivyo kitabu kilinakiliwa katika seva nyingi; sehemu nyingine za kitabu zingeweza kuwa na nakala katika mamia ya seva. Hapo ndipo utamu na uchungu vilipoanzia. Nakala ya karibu inakuokoa na safari. Wahandisi wana jina la nakala kama hiyo inayowekwa karibu na mtumiaji: kashe. Simu yako imejaa kashe. Ndiyo sababu picha uliyoiona jana inafunguka leo hata bando likiwa limeisha. Shida ni siku ambayo kitu cha asili kinabadilika na nakala haijaambiwa.

Mwaka 1987 Alan Demers na wenzake wa Xerox walichapisha makala kuhusu namna ya kuzifanya nakala hizo zikubaliane. Waliazima lugha ya magonjwa na ya umbea. Seva iliyopata habari mpya huichagua seva nyingine bila mpangilio, ikaisimulia, nayo ikaisimulia nyingine, kama uvumi unavyoenea stejini mwa matatu. Tena, mara kwa mara, seva mbili hukaa chini na kulinganisha vitabu vyao kurasa kwa kurasa: wewe una nini, mimi nina nini, tukamilishane.

Kwa kuongeza jina, mbinu hiyo inafanya kazi vizuri ajabu. Kwa kufuta, inageuka kituko. Fikiria seva mbili zinalinganisha vitabu. Moja ina jina la fundi wetu, nyingine haina. Ipi iko sahihi? Huenda fundi ameandikishwa jana na habari bado hazijafika kwa ile ya pili. Huenda pia amefutwa jana na habari bado hazijafika kwa ile ya kwanza. Ukitazama vitabu vyenyewe, hali hizi mbili zinafanana kabisa. Pengo halina mdomo. Na kwa kuwa mashine zimefundishwa kukamilishana, ile yenye jina inampa ile isiyo nalo, na marehemu anafufuka. Ukimfuta tena, anafufuka tena, mradi kuna nakala moja mahali fulani ambayo haikupata habari.

Jibu lao: usifute. Andika. Mahali pa jina la fundi weka maandishi mapya yanayosema kwamba jina hili limekufa, siku fulani, saa fulani. Maandishi hayo yasambae kama uvumi mwingine wowote, na kila yanapokutana na nakala ya zamani ya jina, tarehe zilinganishwe na nakala ya zamani iondoke. Waliyaita maandishi hayo cheti cha kifo. Si mimi niliyeongeza chumvi, ndivyo walivyoandika.

Swali lililofuata linamhusu yeyote aliyewahi kuona kabati la ofisi ya serikali: vyeti hivi tuvitunze hadi lini? Ukivitunza milele, kitabu cha majina kinajaa wafu kuliko walio hai. Ukivitupa mapema, seva iliyokuwa imezimwa kwa miezi miwili itawashwa, ije na kitabu chake cha zamani, na marehemu warudi mkutanoni wakiwa wamevaa suti. Makala ilitaja njia nyepesi, kutunza vyeti kwa muda maalum, siku 30 kwa mfano, halafu kuvitupa na kukubali hatari. Kisha ikapendekeza njia ya werevu zaidi: muda ukipita, seva nyingi zitupe, lakini chache ziendelee kuweka cheti kikiwa kimelala. Nakala ya zamani ikijitokeza na kukutana na cheti kilicholala, cheti kinaamka na kuanza kusambaa upya. Kila kijiji kina mzee mmoja anayekumbuka kaburi la nani liko wapi hata baada ya mahindi kupandwa juu yake.

Mbinu hiyo haijazeeka. Cassandra, hifadhidata iliyotoka Facebook mwaka 2008, inafanya vivyo hivyo, ila cheti kinaitwa jiwe la kaburi na muda wa kawaida wa kulitunza ni siku 10. Mashine ikilala zaidi ya hapo na kurudi bila kurekebishwa, data zilizofutwa hurudi nayo, na wahandisi huziita mazombi.

Mifumo ya mafaili ilipitia njia yake tofauti kidogo. Mwaka 1985 kampuni ya Sun ilitoa NFS, mfumo ulioziwezesha kompyuta nyingi kutumia mafaili yaliyo kwenye seva moja kana kwamba yako kwenye diski zao. Seva ya NFS ilitengenezwa kwa makusudi isikumbuke nani anasoma nini, ili ikizimika na kuwaka tena isiwe imepoteza chochote. Uamuzi huo ulikuwa na bei yake. Katika Unix ya kawaida, faili likifutwa wakati programu moja bado imelifungua, halifi papo hapo. Linangoja msomaji wa mwisho alifunge. Seva isiyokumbuka wasomaji ingewezaje kungoja? Kwa hivyo kompyuta ya mtumiaji ikafundishwa ujanja, ambao wahandisi wenyewe waliuita wa kipuuzi: ukifuta faili ambalo wewe mwenyewe bado unalisoma, jina lake linabadilishwa kisirisiri liwe msururu wa herufi na namba unaoanza na nukta na nfs, halafu linafutwa ukimaliza. Umeme ukikatika katikati, jina hilo la ajabu linabaki kwenye diski bila mwenyewe. Na ujanja huo haumsaidii anayesoma faili kwenye kompyuta nyingine. Yeye anaendelea kuamini nakala yake kwa sekunde kadhaa, kwa kawaida 3 hadi 60 hivi, halafu anapigwa na ujumbe kwamba kishikio alicho nacho kimechacha.

Kishikio hicho kina siri moja ninayoipenda. Faili likifutwa, nafasi yake kwenye diski hupewa faili jingine, na namba ileile hutumika upya. Umewahi kupiga simu kwa namba ya marehemu, kwa mazoea au kwa huzuni tu, ikapokewa na mtu usiyemjua? Kampuni za simu huuza upya namba zilizolala. Jina kwenye simu yako bado linasema Mjomba, namba ni ileile, sauti ni ya kijana wa Kitengela anayeuliza wewe ni nani. Ili msomaji wa NFS asijikute ndani ya faili la mtu mwingine namna hiyo, kishikio kilibeba namba ya ziada, ya kizazi. Nafasi ikitolewa upya, kizazi kinabadilika, na mwenye kishikio cha zamani anakataliwa mlangoni.

Wengine walijaribu njia ya ahadi. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mfumo wa Andrew ulimwahidi kila aliyechukua nakala: faili likibadilika au likifutwa, nitakupigia. Ni ahadi nzuri hadi simu ya mwenzako inapokuwa mteja. Mwaka 1989 Cary Gray na David Cheriton wa Stanford wakaipa ahadi mwisho: nakala yako ni halali kwa muda huu tu, ukiisha uje uombe upya. Ni kama tokeni za stima. Zikiisha zimeisha, hakuna haja ya mtu wa kampuni kupanda mlingoti kuja kukukatia.

Sasa turudi kwenye sajili ya Kenya, maana tume za uchaguzi zilizofuata zilizijaribu karibu njia hizi zote, kwa majina mengine.

Njia ya kwanza ilikuwa ya shoka. Sajili ya zamani ilitupwa nzima, na mwaka 2010 tume ya mpito ikaandikisha watu upya kwa ajili ya kura ya maoni ya katiba ya Agosti 4. Walijitokeza zaidi ya milioni 12. Mwishoni mwa 2012 ikatupwa tena, watu wakaandikishwa kwa alama za vidole kwa siku 30, wakapatikana kama milioni 14.3. Ni tokeni za stima hizo: kila jina limekwisha muda, aliye hai aje alipie tena. Kama dawa ya wafu, ni kali na inafanya kazi, kwa sababu marehemu hapangi foleni. Ila bili inalipwa na walio hai. Anayeishi Gataka anatembea dakika kumi hadi kituoni. Mfugaji wa Kajiado Magharibi aliyehamisha ng'ombe kufuata nyasi, au mama anayetoka kazini giza limeingia, anahesabiwa kama aliyekufa kwa sababu hakufika ndani ya siku 30. Napata shida na watu wanaoipendekeza njia hii kama vile haina majeruhi.

Halafu ikaja Machi 4, 2013. Mashine za kuwatambua wapiga kura kwa vidole zilikwama katika vituo vingi; nyingine betri ziliisha chaji katika madarasa yasiyo na umeme. Makarani wakarudi kwenye sajili iliyochapishwa. Karatasi ni kashe ambayo hakuna anayeweza kuipigia simu: ikishatoka kwenye printa, inaamini kilichoandikwa siku ile hadi mwisho wa dunia. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, ilibainika kwamba hata hapakuwa na sajili moja. Kulikuwa na ya kielektroniki, kulikuwa na daftari la kijani lililoandikwa kwa mkono, kulikuwa na orodha maalum ya watu zaidi ya 36,000 ambao vidole vyao havikusomeka. Mahakama ilisema sajili ni mkusanyiko wa sehemu hizo zote, na wingi wake haukuuharibu uchaguzi. Kisheria pengine ni sawa. Mtu wa Xerox angeuliza: jina likiwa kwenye moja na halimo kwenye nyingine, lipi linashinda?

Kufikia 2017 sheria ilikuwa imebadilishwa ili sajili ikaguliwe na kampuni ya nje kabla ya uchaguzi. KPMG ilipewa kazi hiyo. Ilipolinganisha sajili na kumbukumbu za vifo, ilipata marehemu 92,277. Ilipokadiria kwa kutumia viwango vya kawaida vya vifo, ikaona kwamba waliokufa tangu uandikishaji wa 2012 na bado wamo wangezidi milioni 1. Weka namba hizo mbili pamoja. Kwa kila marehemu kama 11, habari za mmoja tu ndizo zilizofika. Wale wengine 10 wako katika hali ya fundi wetu wa Gataka: wamezikwa, wameliliwa, na mtandao haujaambiwa.

Ungedhani basi tume ikafute kwa makadirio. Haiwezekani, na ni vizuri haiwezekani. Kadirio linasema ni wangapi, halisemi ni nani. Ukianza kubahatisha, kwa umri au kwa jina linalofanana, utamfuta mtu aliye hai, naye atagundua kifo chake saa kumi na mbili asubuhi mbele ya karani, mashine ikikataa kidole chake. Marehemu aliyebaki kwenye orodha ni hatari tu ikiwa mtu atamtumia. Aliye hai akifutwa ameshadhurika tayari, papo hapo. Ndiyo maana mkaguzi anataka kitambulisho na jina vikubaliane kabla ya kumtangaza mtu marehemu, kama NFS inavyotaka namba na kizazi.

Siku ya uchaguzi, Agosti 8, nakala za sajili zilikuwa ndani ya tableti za KIEMS, kila kituo na yake, ili kidole kisomwe hata pasipo mtandao. Ilikuwa hivyo tena Agosti 9, 2022, sasa katika vituo 46,229. Ukaguzi wa KPMG wa mwaka huo ulikuwa umepata marehemu 246,465 na maandishi 481,711 yaliyojirudia. Sajili ya mwisho ilikuwa na majina 22,120,458. Asubuhi hiyo mashine ziligoma katika sehemu za Kakamega na Makueni, na tume ikaruhusu karatasi itolewe tena kwenye sanduku.

Tangu 2023 serikali imekuwa ikisukuma Maisha Namba, namba moja anayopewa mtoto akizaliwa, inayokuwa namba ya kitambulisho akikua na inayotakiwa kuandikwa kwenye cheti chake akifa. Wahandisi wa NFS wangeitambua mara moja: namba isiyopewa mtu wa pili, ambayo kifo kikiandikwa Siaya kinaweza kulinganishwa na jina lililo Kajiado bila kubahatisha herufi. Mvutano kuhusu faragha na gharama ni mada nyingine, na ni nzito. Lakini hata ikifanya kazi kama ilivyoahidiwa, kuna hatua moja ambayo hakuna seva inayoweza kuichukua kwa niaba ya mtu. Mjane wa fundi wetu, akiwa amerudi kutoka Siaya na amelipa deni la dukani, itabidi apande matatu, apoteze siku ya kazi, akachukue cheti ambacho hakimpi shamba wala senti, ili jina la mumewe litoke kwenye mashine ya shule ya msingi ambayo yeye mwenyewe atapangia foleni miaka mitano baadaye.